Kwa Nini Gia Otomatiki Huhangaika Mlimani

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara Magharibi, ina urefu wa kilomita 33 hivi, na katika umbali huo gari hupanda karibu mita 1,000 kwa kona nyingi. Dereva mwenye gari la gia otomatiki, kama yalivyo mengi ya magari madogo yaliyokwishatumika ambayo Tanzania huyaagiza kutoka Japani, hukutana huko na jambo lisilomsumbua akiwa Dar es Salaam. Gari huingia gia ya nne, hurudi ya tatu, huingia tena ya nne, na kurudi tena, mpaka abiria wanaanza kuulizana. Wakati wa kushuka hali hugeuka: gari hukimbia lenyewe, na baada ya muda breki huanza kutoa harufu.

Wapo waliofungua giaboksi nzima kwa sababu ya dalili hizi, na wakakuta kila kitu kizima. Katika makala haya tutaeleza jambo hili kwa fizikia ya sekondari, ili msomaji aweze kutofautisha giaboksi inayohangaika na giaboksi iliyoharibika.

Tuchukue gari lenye tungamo la kilogramu 1,500, likienda kilomita 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde. Kwenye barabara tambarare, ukinzani wa matairi ni kama nyutoni 220, na ukinzani wa hewa kama 130. Jumla ni nyutoni 350. Uwezo unaohitajika ni kani hiyo mara mwendo, yaani kilowati 5.8 tu. Sasa gari lifike mahali panapoinuka mita 10 kwa kila mita 100. Sehemu ya uzito inayolivuta gari nyuma ni 1,500 × 9.8 × 0.1, au nyutoni 1,470. Jumla ya ukinzani huwa nyutoni 1,820, na uwezo unaotakiwa ni kilowati 30. Kwa mwendo uleule, injini imetakiwa kufanya kazi mara tano zaidi.

Je, inaweza? Hilo hutegemea gia. Tuseme mzingo wa tairi ni mita 2, na gia za nyuma, kwenye difu, zina uwiano wa 4.1. Kwa kilomita 60 kwa saa gurudumu huzunguka mara 500 kwa dakika, na shafti itokayo kwenye giaboksi mara 2,050. Uwiano wa gia ya nne uwe 0.7, wa tatu 1.0, na wa pili 1.5. Basi injini itazunguka mara 1,435 katika gia ya nne, mara 2,050 katika ya tatu, na mara 3,075 katika ya pili. Ili kupata ile kani ya nyutoni 1,820 barabarani, momenti ambayo injini inapaswa kuitoa ni nyutoni-mita 202 katika gia ya nne, 141 katika ya tatu, na 94 katika ya pili. (Nishati inayopotea njiani tumeiacha, mwanafunzi ajue kwamba mahitaji halisi ni makubwa kidogo.)

Tuchukulie kwamba injini yetu, ya lita 1.8, hutoa kwa nguvu zake zote nyutoni-mita 130 ikizunguka mara 1,400, na 145 ikizunguka mara 2,000, na 160 ikizunguka mara 3,000. Gia ya nne haiwezi kabisa. Ya pili inaweza na kubakiza. Ya tatu inaweza kwa shida, na hapo ndipo tatizo lilipo. Tena kadiri gari linavyopanda, hewa inazidi kuwa nyepesi. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ina msongamano pungufu kwa kama asilimia 12 kuliko pwani. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho: zile 145 hushuka hadi 127 hivi, nayo gia ya tatu iliyotosha chini ya mlima haitoshi juu.

Dereva wa gari la klachi angeiona milima, angeingiza gia ya pili, na kutulia. Giaboksi otomatiki haina macho. Zile za zamani huongozwa na kanieneo za mafuta za aina mbili: moja huongezeka kwa mwendo wa gari, nyingine huongezeka kadiri dereva anavyokanyaga mafuta. Kanieneo hizo husukuma vali kutoka pande mbili, na atakayeshinda ndiye anayechagua gia. Katika magari ya baadaye kompyuta imechukua nafasi ya mizani hiyo, lakini maswali makuu ni yaleyale mawili: gari linakwenda kasi gani, na mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani?

Sasa tufuatilie mlimani. Gari liko gia ya nne, mwendo unapungua. Dereva anakanyaga zaidi. Giaboksi inarudi ya tatu, injini inapata nguvu, mwendo unaongezeka. Dereva akiona hivyo analegeza mguu. Kwa giaboksi, mwendo mzuri na mguu uliolegea maana yake ni barabara tambarare, hivyo inaingiza ya nne. Mwendo unapungua tena, na mzunguko unaanza upya. Dereva na giaboksi wanarekebishana, kila mmoja akichelewa kidogo kumjibu mwenzake.

Mafundi waliobuni giaboksi waliliona jambo hili mapema. Ndiyo sababu mwendo wa kupandisha gia haukuwekwa sawa na mwendo wa kurudisha. Kuna mwanya kati yake, kama ulivyo katika pasi ya umeme, ambayo huzima kwenye jotoridi moja na kuwaka tena kwenye jotoridi la chini zaidi. Mwanya mdogo huleta mahangaiko, na mwanya mkubwa huifanya gari kuwa zito kuitikia. Baadhi ya kompyuta za gia hulinganisha pia mwongeko wa mwendo halisi na ule unaotarajiwa kwenye tambarare. Ukipungua sana, kompyuta inajua kwamba gari liko mlimani na huishikilia gia ya chini. Pasipo akili hiyo, kazi ni ya dereva: azime gia ya mwisho kwa kitufe cha O/D, au auweke mkono wa gia kwenye 3 au 2 kabla ya mlima, si katikati ya mahangaiko.

Mahangaiko yakiachwa yana gharama. Kila badiliko la gia ni msuguano wa klachi ndogo ndani ya mafuta, na msuguano ni joto. Konveta, chombo cha mafuta kinachounganisha injini na giaboksi, nacho huzalisha joto jingi pale injini inapozunguka upesi kuliko shafti inayoendeshwa. Mafuta ya gia, ambayo mara nyingi huwa mekundu yakiwa mapya, huwa ya kahawia na kunuka moshi yakishaungua.

Kasoro halisi hujionyesha kwa namna nyingine. Ukiiweka giaboksi kwenye gia moja ya chini na mahangaiko yakakoma, hakuna sababu ya kufungua kitu. Lakini ikiwa injini inapandisha mizunguko nalo gari haliongezi mwendo, klachi zinateleza. Na ikiwa utelezi huo hutokea kwenye mwinuko tu na kutoweka kwenye tambarare, yapimwe mafuta kwanza: yakiwa pungufu, mwinuko huyakusanya upande mmoja wa bakuli, pampu hunyonya hewa, na kanieneo inayozibana klachi hushuka. Lita moja ya mafuta ni rahisi kuliko giaboksi.

Kushuka ni hatari zaidi, ingawa hakuna kelele. Mguu ukiondoka kwenye mafuta, giaboksi huona haja ndogo ya nguvu na kuingiza gia ya juu. Gari letu likishuka mteremko uleule kwa kilomita 40 kwa saa, kani inayobaki kuzuiwa, baada ya kutoa ukinzani wa matairi na hewa, ni nyutoni 1,190. Hizo ni kilowati 13, sawa na pasi 13 za wati 1,000 zikiwaka pamoja ndani ya magurudumu. Kwa kilomita 5 ni jouli milioni 6 hivi. Tuseme chuma chote cha breki ni kilogramu 30: bila kupozwa na hewa, jotoridi lake lingepanda zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi karibu 140. Yakichemka huleta mvuke, mvuke hubanika, na kanyagio huzama bila breki kushika.

Tuseme injini isiyopewa mafuta hupinga kwa nyutoni-mita 30. Katika gia ya nne upinzani huo hufika barabarani kama nyutoni 270, chini ya robo ya kinachohitajika. Katika ya pili ni 580, karibu nusu. Anayeweka gia huru akidhani anaokoa petroli hupoteza hata hizo 270. Wala haokoi: injini nyingi zenye kompyuta hukata petroli kabisa gari linaposhuka likiwa ndani ya gia, bali katika gia huru zinalazimika kuichoma ili zisizimike.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi hesabu ya gia ya kwanza, yenye uwiano wa 2.8, kwa mwendo huohuo wa kilomita 40 kwa saa. Watapata mizunguko 3,830 ya injini na kani ya nyutoni 1,080 hivi, ambayo karibu inatosha bila kugusa breki. Kisha waulize ni kwa mwendo gani, katika gia hiyo, injini itazidi mizunguko 6,000.