SOMO LA AFYA: Kuhesabu Pumzi za Mtoto kwa Simu

Mtoto anapokohoa na kuhema, mzazi hujiuliza kama ni mafua yatakayopita au ni nimonia, ugonjwa ambao wengi huuita kichomi. Njia ya kwanza ya kutofautisha, ambayo wahudumu wa afya hufundishwa, ni kuhesabu mtoto anapumua mara ngapi kwa dakika moja. Simu inaweza kusaidia kazi hiyo, mradi mzazi ajue inapima nini na inaweza kukosea wapi.

Kwa nini pumzi zihesabiwe

Nimonia hujaza maji au usaha kwenye vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu. Hewa haiingii vizuri kwenye damu, na mwili hujaribu kufidia kwa kupumua haraka. Kwa mtoto mwenye kikohozi au shida ya kupumua, Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu kuwa anapumua haraka akifikia viwango hivi:

• Chini ya miezi 2: mara 60 au zaidi kwa dakika
• Miezi 2 hadi 11: mara 50 au zaidi
• Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5: mara 40 au zaidi

Jinsi ya kuhesabu

1. Mtoto awe ametulia au amelala. Asihesabiwe akilia, akinyonya au akicheza.
2. Nguo ipandishwe ili kifua na tumbo vionekane. Mwanga uwe wa kutosha.
3. Saa ya simu iwekwe sekunde 60. Hata kabambe inatosha.
4. Kila kifua au tumbo linapoinuka na kushuka, hiyo ni pumzi moja.
5. Hesabu iandikwe pamoja na saa iliyochukuliwa.

Dakika iwe kamili. Wengine huhesabu sekunde 15 kisha huzidisha mara nne, na hapo kosa dogo hukua. Kwa mfano, mtoto wa miezi 8 akihesabiwa pumzi 12 kwa sekunde 15, jibu ni 48, naye ataonekana salama. Pumzi moja tu iliyorukwa ingefanya jibu liwe 52, na huyo anapumua haraka. Isitoshe, watoto wachanga hupumua bila mpangilio: mara haraka, mara polepole, mara wanatulia kidogo. Ndiyo maana mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha 60, huhesabiwa tena mara ya pili ili kuhakikisha.

Programu za simu

Programu za kugusa humtaka mtu aguse kioo kila kifua kinapoinuka. Simu hupima muda kati ya mguso mmoja na mwingine, kisha hutoa idadi ya pumzi kwa dakika. Ni za haraka, lakini mguso uliosahaulika au uliorudiwa hubadilisha jibu. Kwa mtoto mchanga, hesabu ya dakika nzima ndiyo ya kutegemewa.

Programu za kamera hutazama kifua kikiinuka na kushuka na kukisia pumzi. Nyingi zimetengenezwa kwa watu wazima walioketi kimya, na mtoto anayejipinda huzivuruga. Aidha, zile za kuweka kidole kwenye kamera kwa kawaida huonyesha mapigo ya moyo. Mtoto mdogo mwenye mapigo zaidi ya 100 kwa dakika anaweza kuwa mzima kabisa, kwa hiyo namba hiyo isichukuliwe kuwa ya pumzi.

Programu ikitoa jibu lisilolingana na kinachoonekana kifuani, mzazi arudie kuhesabu kwa macho.

Dalili zisizosubiri hesabu

Hata simu ikionyesha namba ya kawaida, mtoto apelekwe hospitalini mara moja iwapo:

• Sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa
• Hawezi kunyonya wala kunywa
• Anatapika kila kitu
• Amepata degedege
• Amelegea sana au haamki
• Anatoa sauti ya mkwaruzo anapovuta hewa ilhali ametulia
• Midomo au ulimi umegeuka rangi kuwa ya samawati

Mtoto wa chini ya miezi 2 anayepumua haraka naye apelekwe bila kuchelewa. Mkubwa zaidi anayepumua haraka bila dalili hizi afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asipewe dawa zilizobaki nyumbani. Nimonia inayosababishwa na bakteria hutibiwa kwa antibiotiki, na kipimo chake hutegemea umri na uzito.

Msaada ulio karibu

Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii kote nchini wamekuwa wakipewa vifaa vya kazi, zikiwemo simu. Mzazi asiye na uhakika na hesabu yake amwite mhudumu wa kijiji wahesabu pamoja, lakini mwenye dalili za hatari asicheleweshwe kwa kumngoja.

Chanjo ya kukinga nimonia, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011, hutolewa bure katika vituo vya umma mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Wazazi wanakumbushwa kukagua kitabu cha kliniki leo, na iliyokosekana ikafuatiliwe kituoni.