Manganizi katika Madini ya Tabaka: Somo kutoka Mbulu na Hanang

Mwanafunzi anayetembea kando ya kijito katika nyanda za juu za Mbulu, mara baada ya maji kupungua, huona mchanga unaometameta juani. Akichota kiganja kimoja na kuuchambua, atakuta vipande vyembamba mfano wa magamba ya samaki. Kipande kimoja huweza kuchanwa kwa ukucha kikawa viwili, na kila kimoja kikachanwa tena. Huo ni ulanga. Akiteremka hadi mbuga tambarare za Wilaya ya Hanang atakutana na udongo mweusi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana, na wakati wa mvua huvimba na kunata miguuni hata mtu akashindwa kuinua hatua.

Kwa macho, vitu hivi viwili havifanani hata kidogo. Hata hivyo ni watoto wa ukoo mmoja, ambao wanasayansi huuita silikati za tabaka. Katika ukoo huo wamo pia wanaobeba metali iitwayo manganizi. Makala haya yanakusudia kujibu maswali mawili. Kwanza, silikati ya tabaka yenye manganizi hupewa jina gani, na kwa kanuni ipi? Pili, je, tabia zake hutokana na manganizi hiyo au na jambo jingine? Jibu la swali la pili haliishii darasani. Lina uzito kwa kila aishiye chini ya mteremko wa Mlima Hanang, ambao tarehe 3 Desemba 2023 ulishusha tope juu ya makazi ya watu.

1. Ujenzi wa tabaka

Karibu silikati zote hujengwa kwa tofali moja, yaani atomu moja ya silikoni iliyozungukwa na atomu nne za oksijeni. Tofali hilo lina umbo la nyuso nne za pembetatu. Katika silikati za tabaka, kila tofali hushirikiana na majirani zake atomu tatu za oksijeni. Hivyo matofali huungana pande zote na kufanya safu pana iliyo bapa, mfano wa mkeka. Safu hii tuiite safu ya silika.

Safu ya silika haisimami peke yake. Huunganishwa na safu ya pili, ambamo metali kama alumini, magnesi au chuma huzungukwa na atomu sita za oksijeni na haidroksili. Hii tuiite safu ya metali. Muungano wa safu hizi ndio unaoitwa tabaka, nao una namna mbili kuu:

(a) Safu moja ya silika na safu moja ya metali. Mfano wake ni kaolini, madini yapatikanayo kwa wingi katika udongo mwekundu wa nchi za joto.

(b) Safu mbili za silika zilizobana katikati safu moja ya metali, mfano wa vipande viwili vya mkate vyenye siagi katikati. Ulanga, talki na mfinyanzi wa udongo mweusi wa mbuga ni wa namna hii.

Tena, katika safu ya metali kila nafasi tatu zinaweza kujazwa zote, au zikajazwa mbili na moja ikabaki tupu. Metali zenye chaji mbili, kama magnesi, hujaza zote tatu. Metali zenye chaji tatu, kama alumini, hujaza mbili tu. Kwa hiyo ulanga mweupe, ambao una alumini, ni wa nafasi mbili. Ulanga wa rangi ya kahawia uitwao flogopaiti, wenye kanuni KMg3(AlSi3O10)(OH)2, ni wa nafasi tatu. Flogopaiti imepatikana katika vipande vya miamba vilivyoletwa juu na volkeno ya Labait, karibu na Mlima Hanang, kutoka vina vikubwa chini ya ukoko wa dunia.

2. Mahali pa manganizi

Manganizi katika madini haya kwa kawaida ina chaji mbili, kama magnesi. Ni dhahiri basi kwamba itaweza kukaa katika nafasi za magnesi, mradi tu ukubwa wake uruhusu. Tulinganishe nusu kipenyo cha ayoni, kwa nanomita, zinapozungukwa na oksijeni sita:

Alumini (chaji 3): 0.054
Magnesi (chaji 2): 0.072
Chuma (chaji 2): 0.078
Manganizi (chaji 2): 0.083

Manganizi ni kubwa kuliko magnesi, lakini si kwa kadiri ya kuzuiwa mlangoni. Ndiyo maana ulanga mwingi wa kawaida huwa na manganizi kidogo, mara nyingi chini ya asilimia moja ya uzito wake. Mgeni huyu huingia bila kuvuruga nyumba.

Mambo hubadilika manganizi inapokuwa nyingi. Safu ya metali iliyojaa ayoni kubwa hupanuka, na safu ya silika iliyo juu yake hubaki fupi. Ni kama kushona kitambaa kidogo juu ya kikubwa: lazima kimoja kikunjamane. Katika madini kama parsetensaiti, ganofilaiti na banisteraiti, ambayo yote yana manganizi nyingi, safu ya silika haiendelei bapa. Baadhi ya matofali yake hugeuka au hupangwa upya kila baada ya umbali fulani, ili safu zote mbili zilingane. Hapa manganizi imekuwa zaidi ya mgeni, maana imelazimisha nyumba yenyewe ibadilishwe.

3. Kanuni ya kutoa majina

Zamani wanasayansi waliwapa majina mapya madini mengi kwa sababu ya rangi au kiasi kidogo cha kitu kigeni. Ulanga wenye manganizi uliitwa manganofilaiti, na ule mwekundu uliitwa alurgaiti. Mwaka 1998 kamati ya kimataifa iliyoshughulikia majina ya ulanga iliyaondoa majina ya namna hiyo. Kanuni inayofuatwa ni hii: jina la madini hufuata metali iliyo nyingi kuliko nyingine zote katika nafasi inayohusika. Metali iliyo chache hutajwa kama sifa tu, kwa mfano "flogopaiti yenye manganizi".

Tuchukue mifano mitatu ya kujifunzia. Katika kila mmoja, safu ya metali ina nafasi tatu.

Mfano wa kwanza: magnesi 2.1, chuma 0.6, manganizi 0.3. Magnesi imezidi. Jina ni flogopaiti yenye manganizi.

Mfano wa pili: magnesi 1.3, manganizi 1.2, chuma 0.5. Manganizi ni nyingi sana, lakini bado magnesi imezidi. Jina ni lile lile, flogopaiti yenye manganizi.

Mfano wa tatu: manganizi 1.6, magnesi 1.0, chuma 0.4. Sasa manganizi imetawala nafasi hiyo. Ulanga huu una jina lake, shirozulaiti, ambao ulielezwa mwaka 2004 kutoka mgodi wa Taguchi huko Japani, na kupewa jina la mtaalamu wa madini Haruo Shirozu.

Msomaji atambue kwamba katika mifano yote mitatu kundi halikubadilika. Mpangilio wa tabaka ndio unaotaja kundi, na metali iliyotawala ndiyo inayotaja jina ndani ya kundi. Mwanafunzi akianza na metali kabla ya mpangilio, atapotea.

4. Asili ya tabia: kinachokaa kati ya matabaka

Twende sasa kwenye swali la pili. Kwa nini ulanga hupasuka kwa urahisi kuwa vipande bapa lakini hauvimbi kwa maji, ilhali mfinyanzi wa mbuga huvimba? Jibu haliko ndani ya tabaka, bali kati ya tabaka moja na jingine.

Katika ulanga, alumini huchukua nafasi ya silikoni moja katika kila nne. Alumini ina chaji moja pungufu, hivyo tabaka hubaki na upungufu wa chaji moja. Upungufu huo huzibwa na ayoni za potasiamu zinazokaa kati ya matabaka na kuyashikamanisha. Mshikamano huo ni dhaifu kuliko ule wa ndani ya tabaka, ndiyo maana ukucha hupita hapo. Lakini ni imara vya kutosha kuzuia maji. Umbali kutoka tabaka hadi tabaka ni nanomita 1.0, nao haubadiliki ukiloweka ulanga katika maji. Ugumu wake katika kipimo cha Mohs ni kama 2.5 hadi 3, na kipande chake kikikunjwa kidogo hurudi kama kilivyokuwa.

Katika talki tabaka halina upungufu wa chaji. Hakuna potasiamu ya kushikamanisha, na matabaka huteleza. Talki ina ugumu wa 1 tu.

Mfinyanzi unaovimba, uitwao smektaiti, uko kati ya hao wawili. Upungufu wake wa chaji ni mdogo, kati ya 0.2 na 0.6. Ayoni za kalsiamu au natiriamu zilizo kati ya matabaka hazina nguvu ya kuyafunga, tena zenyewe hupenda maji. Maji huingia, na umbali hupanda kutoka karibu nanomita 1.0 hadi 1.5 na zaidi. Maji yakikauka, matabaka hurudiana na ardhi hupasuka.

Kwa hiyo manganizi hubadili rangi, uzito na jina. Kuvimba au kutovimba huamuliwa na chaji ya tabaka na kinachokaa katikati.

5. Manganizi inapotoka

Miamba ikioza kwa mvua na hewa, manganizi hutolewa katika madini na kuchukuliwa na maji. Ikipata oksijeni, hupanda kutoka chaji mbili hadi tatu au nne, na kuganda kama oksidi nyeusi. Oksidi hizo huonekana kama madoa meusi katika nyufa za mawe, au vinundu vidogo vyeusi katika udongo unaojaa maji na kukauka kwa zamu. Wanafunzi wengi hudhani madoa hayo ni silikati ya manganizi. Sivyo: hiyo ni oksidi, wala si silikati. Madini yenyewe yamekwisha kuvunjika.

Jaribio la kutofautisha ni rahisi. Osha kipande chenye doa, hakikisha hakina mizizi wala majani, kisha dondoshea matone machache ya haidrojeni peroksidi hafifu, ile inayouzwa kwa kuoshea vidonda. Oksidi ya manganizi huharakisha kuvunjika kwa peroksidi, na mapovu ya oksijeni hutokea mara moja. Ulanga mweusi hautatoa mapovu ya namna hiyo. Mwalimu asimamie jaribio, na macho yakingwe.

6. Tukio la Hanang

Mlima Hanang, wenye urefu wa karibu mita 3,420, ni volkeno ya zamani. Miamba ya volkeno na majivu yake yakioza hutoa madini ya mfinyanzi, na mwamba uliokuwa mgumu hulegea. Mnamo tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlimani hadi Katesh, Gendabi na maeneo ya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Serikali ilieleza, kwa taarifa ya wataalamu wake, kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikaelemewa, ikameguka na kuwa tope.

Hatudai kwamba aina moja ya madini ndiyo iliyosababisha msiba huo. Mteremko mkali, wingi wa mvua na udhaifu wa mwamba vilikutana. Lakini somo letu linatupa njia ya kuuangalia mteremko. Haitoshi kuuliza mwamba una metali gani. Yafaa kuuliza: umeoza kiasi gani? Hunyonya maji kiasi gani? Ukilowa, bado hushikamana? Mwamba usiooza huacha maji yapite juu yake au katika nyufa. Mwamba uliooza huyabeba maji ndani, uzito wake huongezeka na mshikamano wake hupungua kwa wakati mmoja.

7. Jaribio la darasani na maswali

Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa ndani wa milimita 140, na ukipake mafuta. Jaza udongo mweusi wa mbuga uliokandwa kwa maji, sawazisha, na uache ukauke kivulini kwa siku kadhaa. Pima urefu wake mpya. Rudia kwa udongo mwekundu. Ukitoa urefu mpya katika 140, ukagawanya kwa 140 na kuzidisha kwa 100, utapata asilimia ya kusinyaa. Kwa mfano, udongo uliobaki na milimita 119 umesinyaa kwa asilimia 15.

Maswali:

(i) Ulanga una manganizi 1.1, chuma 1.0 na magnesi 0.9 katika safu ya metali. Je, ni shirozulaiti? Toa sababu.

(ii) Kwa nini manganizi hukaa kwa urahisi zaidi katika flogopaiti kuliko katika ulanga mweupe? Tumia chaji na ukubwa wa ayoni.

(iii) Ni udongo upi kati ya ule mliopima ungefaa zaidi kujengea ukuta wa nyumba, na kwa nini?

(iv) Chunguzeni mteremko mmoja ulio karibu na shule yenu wakati wa kiangazi, na tena baada ya mvua, mkiwa mmesimama mahali salama. Andikeni mahali penye nyufa, mahali maji yanapochuruzika, na miti iliyoinama. Hifadhini maandishi hayo shuleni, ili darasa la mwakani lipate cha kulinganisha.