Haki ya Kuvua Pweza na Wajibu wa Kungoja

Mwamba wa pweza usio na utaratibu huwa wazi kwa kila anayefika wakati wa bamvua, maji yanapokupwa. Mvuvi anayemwacha pweza mdogo akue hana hakika ya kumkuta kesho, kwani mwingine aweza kumchukua siku iyo hiyo. Kwa hiyo kila mmoja huwahi, na mwishowe wote hupungukiwa. Utaratibu wa haki za uvuvi za kijamii unalenga kuondoa hofu hiyo.

Maisha ya pweza hayafiki miaka miwili, lakini hukua upesi. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai pangoni mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Anayevuliwa kabla ya kutaga haachi uzao. Ndiyo maana Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kuvua pweza mwenye uzito chini ya gramu 500.

Mwaka 2004 wakazi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba kwa miezi saba. Ulipofunguliwa, walipata pweza wakubwa zaidi. Hata hivyo, habari zilipoenea, wavuvi wa vijiji jirani walimiminika siku za ufunguzi, na faida ya waliongoja ikapungua. Mwaka 2006 vijiji vya eneo hilo viliunda umoja uitwao Velondriake, yaani kuishi na bahari, na kukubaliana kanuni za pamoja. Nchini Tanzania, utaratibu wa kufunga miamba kwa muda umetumika pia Songosongo wilayani Kilwa na Jibondo wilayani Mafia.

Kufunga mwamba pekee, basi, hakutoshi. Kabla ya kufunga, wanakijiji wanapaswa kukubaliana mambo manne:

1. Mipaka ya eneo na tarehe za kufunga na kufungua.
2. Nani ataruhusiwa kuvua siku ya ufunguzi, wakiwemo wageni na majirani.
3. Nani atafanya doria, na gharama zake zitatoka wapi.
4. Eneo litakalobaki wazi kwa wanaovua kwa miguu.

Jambo la nne lisipuuzwe. Wanawake wengi huchokoa pweza kwa miguu na hawana chombo cha kuwafikisha miamba ya mbali. Mwamba wa karibu ukifungwa wote, kitoweo na fedha za madaftari ya watoto hukosekana kwao kwanza. Wasiposhirikishwa katika uamuzi, wao ndio watakaobeba mzigo wa hifadhi ambayo faida yake huenda kwa wengine.

Mahali pa kuwasilisha hoja hizi ni Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, ambacho wengi hukiita BMU, na mkutano mkuu wa kijiji. Uzito wa pweza uandikwe kabla ya kufunga na baada ya kufungua, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.