Somo la Ufundi: Betri ya Mashua na Injini ya Kupachika

Mashua ya tanga huwasha injini wakati wa kutoka na kuingia bandarini tu. Safari iliyobaki hutegemea upepo. Ndiyo sababu taa hufifia usiku, ijapokuwa injini yenyewe huzalisha umeme. Hesabu ifuatayo yaeleza.

Taa zinazotumia ampea 2 zikiwaka kwa muda wa saa 6, hula ampea-saa 12. Injini itoayo ampea 6, ikiendeshwa dakika 20, hurudisha ampea-saa 2 tu. Ikienda polepole hutoa pungufu ya hapo. Kila usiku, basi, betri hupungukiwa na ampea-saa 10. Betri ya ampea-saa 60 itabaki nusu baada ya siku 3. Na betri ya risasi na asidi ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara, huharibika upesi.

Yafaa wanachama wazingatie haya: fyuzi iwekwe karibu na betri, waya za betri zisifunguliwe injini ikizunguka, na upungufu ulipwe ufukoni kwa chaja au sola. Chama chaweza kununua chaja moja ya shirika. Mashua isiyo na taa haionekani na meli.