Soba Baridi na Mboga: Chemsha, Osha, Chuja

Julai na Agosti, Japani huwa na joto la mvuke linalomchosha mtu hata kabla ya saa nne asubuhi. Hamu ya chakula cha moto hupotea. Hapo ndipo soba baridi huingia mezani: tambi nyembamba za rangi ya kijivu, zimelazwa juu ya ungo mdogo wa mianzi, na kibakuli cha mchuzi wa kuchovyea pembeni. Majumbani wengi huzichanganya na mboga kwenye bakuli moja zikawa saladi, na saladi hiyo inafaa sana Mombasa au Dar es Salaam wakati Kaskazi imepamba moto. Viungo vyake ni vichache. Kazi yote iko kwenye maji: ya kuchemshia, ya kuoshea, na yale unayopaswa kuyaondoa.

1. Soma pakiti kabla ya kulipa. Soba hutengenezwa kwa unga wa bakwiti, mbegu ya pembe tatu ambayo haina undugu na ngano. Unga huo peke yake hauna mnato wa kutosha na tambi zake hukatika upesi, kwa hiyo watengenezaji wengi huongeza ngano. Mchanganyiko unaosifiwa sana ni sehemu 8 za bakwiti kwa 2 za ngano, uitwao nihachi. Zile za bakwiti tupu huitwa juwari. Tazama kiungo kilichotangulia kwenye orodha: kikiwa ngano, basi ngano ndiyo nyingi na ladha ya bakwiti itakuwa hafifu. Asiyeweza kula ngano atafute juwari. Jambo moja si la mzaha: mzio wa bakwiti unaweza kuwa mkali hata kuhatarisha maisha, na Japani sheria inataka itajwe kwenye lebo za vyakula. Waulize wageni wako kabla hujainjika sufuria.

2. Maji mengi, chumvi hapana. Weka lita 1 kwa kila gramu 100 za tambi. Mlaji mmoja anatosheka na gramu 80 hadi 100. Tambi nyingi za pakiti tayari zina chumvi, na sosi ya soya italeta nyingine. Maji yakitokota, tawanya tambi na ukoroge mara moja zisigandamane. Povu likitaka kufurika, punguza moto. Pakiti nyingi huandika dakika 4 hadi 6. Anza kuonja dakika moja kabla ya muda kutimia.

3. Osha kwa mikono, tena kwa bidii. Hatua hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Tambi zikitoka jikoni zimefunikwa na wanga unaonata. Ukiziacha hivyo, baada ya muda mfupi utakuwa na bonge moja. Zimimine kwenye chujio, zipitishe kwenye maji baridi, kisha zisugue taratibu kati ya viganja kama anayefua kitambaa laini. Badili maji mpaka yatoke safi, bila ukungu wa wanga. Halafu zizamishe kwenye beseni la maji ya barafu kwa dakika moja ili zikaze. Utausikia mkazo huo ukizitafuna.

Baadaye chuja. Tikisa chujio, subiri kidogo, litikise tena, kisha bonyeza tambi kidogo kwa kiganja. Maji yanayobaki ndani yake ndiyo yanayoizimua sosi na kuifanya saladi nzima ipwaye. Na kwa kuwa chakula hiki hakirudi motoni, maji ya kuoshea na ya barafu lazima yawe ya kunywa. Kama ya bombani kwako si salama, chemsha ndoo tangu jana yake, uyapoze, ugandishe barafu kutokana nayo.

4. Yale ya kuchemshia usiyamwage. Huitwa sobayu. Kwenye migahawa ya soba huletwa ya moto mwisho wa mlo, mlaji akayachanganya na mchuzi uliobaki kibakulini na kunywa.

5. Dagaa wanaweza kukupa mchuzi. Mchuzi wa soba, tsuyu, huanza na supu nyepesi iitwayo dashi. Mara nyingi hupikwa kwa mwani mkavu na vipande vya samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi, vitu ambavyo kuvipata kwetu ni shida. Lakini Wajapani wana pia dashi ya niboshi, yaani samaki wadogo wa baharini waliochemshwa kisha wakakaushwa. Zanzibar dagaa wa baharini huandaliwa karibu vivyo hivyo. Chukua gramu 15, ondoa vichwa na matumbo kwa sababu huko ndiko uchungu unakotoka, loweka kwenye nusu lita ya maji kwa nusu saa, kisha pasha kwa moto mdogo dakika 10 na uchuje. Ongeza nusu kikombe cha sosi ya soya na vijiko 2 vikubwa vya sukari; dagaa wakiwa na chumvi kali, punguza soya. Mapishi ya Kijapani hutaka mirin, lakini hicho ni kileo, na sukari inatosha kwa asiyekitumia. Acha mchuzi upoe kabisa kwenye friji.

6. Huna muda? Koroga vijiko 4 vya sosi ya soya, 2 vya maji ya ndimu, 1 cha mafuta ya ufuta, 1 cha sukari na tangawizi iliyoparuzwa. Kaanga ufuta mkavu uanze kunukia, uutwange nusu nusu, unyunyize juu. Japani huagiza karibu ufuta wake wote kutoka nje, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoiuzia.

7. Mboga: usisahau bamia. Tango litolewe mbegu, karoti na figili zikatwe nyembamba kama njiti, kabichi ya zambarau ichanwe. Mchicha uchovye kwenye maji ya moto kwa sekunde 30, upoze, uukamue vizuri. Bamia ndiyo inayonifurahisha zaidi. Wajapani huipenda juu ya soba baridi wakati wa kiangazi, na utelezi wake, ambao wapishi wengi huhangaika kuuondoa, wao huutafuta makusudi. Mla mlenda wa Dodoma hahitaji kushawishiwa. Isugue kwa chumvi kuondoa vinyweleo, ichemshe dakika moja au mbili, ipoze, uikate vipande vyembamba vyenye umbo la nyota.

8. Mwani mkavu wa nori, ukiupata, ukatwe kwa mkasi na uwekwe mwisho kabisa, maana hulegea upesi. Mwani unaolimwa Paje, Zanzibar, ni wa jamii nyingine na haushiki nafasi yake.

9. Changanya wakati wa kula. Soba hunyonya sosi, na baada ya saa moja huwa imevimba na kulainika. Ya kubeba kazini, weka tambi, mboga na sosi katika vyombo vitatu, vyote kwenye friji mpaka saa ya kutoka na kwenye mfuko wenye barafu njiani. Tambi zikikutwa zimeshikana, nyunyizia vijiko viwili vya maji baridi na uziachanishe kwa vidole kabla ya kumimina sosi.