Dondoo muhimu: Mgeni wa Guta, pima kabla hujaugua

Umehamia Guta kutoka nje ya nchi? Usisubiri likizo ya nyumbani ndipo upime afya.

• Kichocho: Vimelea vyake hupenya ngozi majini. Ukioga au kuvua Ghuba ya Speke, pima choo wiki 6 hadi 8 baadaye. Kinatibika kwa prazikwanteli.

• Presha na sukari: Pima kila mwaka hata ukijisikia mzima, hospitali za Bunda mjini zinatosha.

• Vipimo vikubwa: Panga safari ya Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, Mwanza.

• Homa: Haingoji miadi. Pima malaria siku hiyohiyo.

• Bima: Uliza mapema kama inalipia uchunguzi wa asiyeumwa.

• Kumbukumbu: Tunza majibu yote na kadi ya chanjo, daktari wa kwenu atayahitaji.