Shule ya Mikono Mitupu

Neno karate ni neno la Kijapani, na maana yake ni "mkono mtupu". Mtu wa karate hashiki rungu, wala kisu, wala mkuki. Silaha zake ni mikono na miguu aliyozaliwa nayo. Watoto wa Igamba, katika wilaya ya Mbozi, wameiona karate katika picha za sinema, nao hurushiana mateke njiani watokapo shuleni, wakidhani ya kuwa karate ni kuruka na kupiga kelele. Walakini yafaa tujue ilianza wapi, na ni nani waliyoifundisha, na iliingiaje katika nchi yetu.

Asili yake ni Okinawa, kisiwa chembamba kilichoko kusini mwa Japani. Hapo kale kisiwa hicho kilikuwa na mfalme wake mwenyewe, na watu wake walifanya biashara na China. Mwaka 1609 jeshi lilitoka Japani, likawashinda. Na mwaka 1879 ufalme ukaondolewa kabisa. Watu wengi husimulia ya kuwa wakulima walinyang'anywa silaha, ndipo wakabuni karate ili wajilinde. Hadithi hii yapendeza masikioni, lakini wenye kuchunguza mambo ya kale wana shaka nayo, kwa sababu walimu wengi wa zamani walikuwa watu wa jamaa za watumishi wa mfalme. Lililo hakika ni kwamba ilifundishwa kwa siri, mara nyingi usiku, mwalimu mmoja na wanafunzi wawili watatu.

Siri hiyo ilifunuliwa na mzee mmoja, jina lake Anko Itosu. Kiasi cha mwaka 1901 aliiingiza karate katika shule za watoto wa Okinawa. Akaona ya kuwa mazoezi ya wakubwa ni mazito, akatunga mengine mafupi, yanayomfaa mtoto. Tangu hapo karate ikawa mali ya kila mtu.

Katika mji wa Naha alikuwako mwalimu mwingine, Kanryo Higaonna. Jamaa yake walikuwa wauza kuni, nao walizileta mjini kwa jahazi. Katika ujana wake alivuka bahari akaenda Fuzhou, nchini China, akajifunza huko, kisha akarudi kwao. Mwaka 1902 aliletewa kijana wa miaka 14, Chojun Miyagi, mtoto wa nyumba ya matajiri. Basi mtoto wa tajiri akapiga magoti mbele ya mtoto wa muuza kuni. Husimuliwa ya kuwa Higaonna hakumfundisha mtu upesi. Kwanza alimpa kazi za nyumbani, kuteka maji na kufagia ua, huku akiitazama tabia yake. Aliyenung'unika alirudi kwao. Aliyevumilia alifundishwa zoezi moja tu, liitwalo Sanchin, la kusimama imara, kwenda polepole na kuvuta pumzi, akalirudia muda mrefu sana kabla ya kuonyeshwa jingine.

Mwaka 1930 Jin'an Shinzato, mwanafunzi mkubwa wa Miyagi, alionyesha karate yao mjini Tokyo. Watu wakamwuliza, "Shule yenu yaitwaje?" Naye hakuwa na jibu, kwa kuwa kwao haikuwa na jina. Miyagi alipopata habari, akachagua jina la Goju, yaani ngumu na laini.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1945 Wamarekani na Wajapani walipigana katika Okinawa muda wa miezi mitatu hivi, na wenyeji wakafa maelfu kwa maelfu. Shinzato aliuawa, Miyagi alifiwa na watoto wake. Lakini baada ya vita akaanza tena kufundisha katika ua wa nyumba yake, mpaka akafa mwaka 1953. Na jambo hili nalistaajabia: askari wa Kimarekani waliokaa kisiwani walikwenda kwa walimu wa nchi waliyoishinda, wakaomba kufundishwa, nao hawakufukuzwa.

Kwa njia ya Marekani ndivyo Goju ilivyotufikia sisi. Mwaka 1973 Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alianza kuifundisha mjini Dar es Salaam, katika Shule ya Msingi ya Zanaki. Hakungoja kujengewa jumba. Wanafunzi wake wakawa walimu kwa zamu yao.

Mahali pa kufundishia huitwa dojo, na popote palipo na sakafu paweza kuwa dojo. Mwanafunzi huvua viatu mlangoni, akainama kwa heshima kabla ya kuingia. Wote huvaa nguo nyeupe za namna moja, hata asijulikane ni nani mtoto wa mwenye duka na nani mtoto wa kibarua. Cheo huonekana kwa rangi ya mkanda tu, nao haurithiwi.

Sheria iliyo ngumu kuliko zote ni kutokuanza kupiga. Kijana aliyefundishwa miaka mitatu akitukanwa katika stendi ya Tunduma, mkono wake wajua la kufanya, na watu wanamtazama; naye hupaswa kuondoka. Wengi hushindwa hapo, wala si kwa udhaifu wa mwili. Mwalimu akisikia ya kuwa mwanafunzi wake amepiga mtu njiani kwa majivuno, humwondoa katika safu mbele ya wenzake.

Mazoezi yakiisha, wote hupiga magoti kimya kwa kitambo. Kisha hushika mifagio, mwenye mkanda mweusi pamoja na aliyeanza juzi. Na kama dojo ni darasa la kuazima, madawati hurudishwa mahali pake, maana asubuhi watoto watakuja kusoma humo.